Aliugulia Wapi?

Machimbo ya Nyakasanda,
Upande wa Kahama,
9 Februari 1981

Dada Mbuke,

Shikamoo. Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma. Mimi mzima, ninasumbuliwa na furaha tu. Matokeo ya mkoa yametoka! Tarafa zote zimepangwa kwa idadi ya waliofariki katika kila watu elfu, na miaka mitatu imewekwa bega kwa bega ili kila mtu aone nani anapanda na nani anashuka. Nani anaongoza kwa uzima? Nyakasanda! Mwaka wa sabini na nane tulizika watu kumi na sita kwa kila elfu, mwaka uliofuata kumi na wawili, mwaka jana tisa. Tisa, dada! Nimesimama mbele ya ubao wa matangazo mpaka mlinzi akadhani nimeona tangazo la ndoa ya mchumba wangu.

Na ninyi huko Mwashilu? Kwa heshima ya ukubwa wako ningenyamaza, lakini ulimi unaniwasha. Kumi na watano, kumi na tisa, ishirini na wanne. Wenzenu wanashuka, ninyi mnapanda! Tumetoka tumbo moja, tumekunywa maji ya lambo moja, wewe muuguzi mwenye cheti nami bwana afya wa baiskeli, na tazama nani kamshinda nani. Nikija usinipige.

Jambo jingine la kujivunia ni hili. Unakumbuka tulivyokuwa tukihangaika kuuliza, "Hapa amefariki nani?" Watu wetu hawapendi kumtaja marehemu mbele ya mgeni mwenye kalamu. Watakwambia hapa kuna uzima tu, wakukaribishe michembe ya viazi vikavu, na safari imeishia hapo. Basi ni mimi niliyesimama kwenye kikao nikasema tuache kuuliza vifo, tuulize makaburi. Kaburi jipya halifichiki. Liko pale pembeni mwa mji wa mwenyewe, nyuma ya nyumba zake, na balozi wa nyumba kumi anakuonyesha kwa kidole. Sasa tarafa zote zinahesabu hivyo.

Haya, habari yako njema nimeiweka mwisho. Kamati ya mkoa imepata fungu la kujenga kituo kimoja cha afya, kimoja tu, chenye daktari, wodi ya wazazi na kisima cha pampu. Kinakwenda kwenye tarafa ambayo vifo vimepanda kuliko zote. Unaijua ni ipi. Lia kwanza, halafu ucheke. Watathibitisha mwezi Juni.

Barua hii ameichukua Fazal, mwenye duka letu hapa, anayekuja Tinde na lori lake kufuata mpunga. Mpe salamu, na mkewe Anar anakusalimu sana.

Mdogo wako,
Makoye

*

Zahanati ya Mwashilu,
Karibu na Tinde,
16 Februari 1981

Makoye,

Marahaba, ingawa hukustahili. Nilipofika pale pa "ishirini na wanne" nilitaka kuichana barua. Nilipofika pale pa kituo nilipiga kelele hadi wajawazito waliokuwa kwenye benchi wakainuka wote kwa pamoja, wakidhani nyoka ameingia.

Daktari! Wodi ya wazazi! Makoye, unajua nimezalisha wanawake wangapi kwenye chumba kile ambacho mvua ikinyesha namshikilia mama kwa mkono mmoja na mwavuli kwa mkono wa pili? Miaka yote niliyokaa hapa nimekuwa nikiandika maombi, na jibu ni lilelile, subiri. Nilimkimbilia mwenyekiti wetu, Mzee Mabula. Hakungoja nimalize. Jioni ileile aliitisha mkutano, wanawake wakapiga vigelegele, na kesho yake vijana walikuwa mtoni wakikanyaga udongo wa tofali. Wanaanza kabla ya kupewa! Nimewaambia Juni bado, wakanijibu ngoja ngoja huumiza matumbo.

Lakini nikwambie kinachonikera. Wafu hawa siwaelewi. Tangu chanjo ya surua ianze, watoto wangu hawafi kama zamani, na wazazi pia nawavusha salama. Sasa ni nani anayejaza hayo makaburi yako? Nikipita njiani naona mafiga ya msiba kwenye miji yenye vijana wenye misuli, watu ambao mlango wa zahanati yangu hawaujui.

Basi, kinachonikera nakiacha. Kituo kije kwanza. Mama amenituma nikuulize kama unakula vizuri, na mwanangu Mageni anadai ulimwahidi mpira.

Dada yako,
Mbuke

*

Nyakasanda,
20 Aprili 1981

Dada Mbuke,

Shikamoo tena, safari hii kutoka kwa mtu mkubwa! Nimeitwa Shinyanga mjini. Tarehe ishirini Juni kutakuwa na mkutano wa mkoa, na siku hiyohiyo watakapotangaza kituo chenu, mimi nitapewa cheti na pikipiki kwa ajili ya tarafa yenye vifo vichache. Pikipiki, dada! Nimeanza kuota nageuza kona. Anar amenishonea shati jeupe na anasema nisile embe nikiwa nimelivaa.

Natakiwa pia kutoa hotuba ya kuwaeleza wenzangu siri ya mafanikio. Hapo ndipo kichwa kinapouma kidogo, maana nikitazama huku sioni nilichowazidi. Wachimbaji wamemiminika. Kila siku kuna duara jipya, shimo la dhahabu, linachimbwa, na maji wanayooshea mchanga wa dhahabu ndiyo hayohayo wanayokunywa. Nawapigia kelele kuhusu vyoo, wananiita Bwana Mavi. Hata hivyo namba ni namba, na makaburi nimeyatafuta mwenyewe. Labda kelele zangu zinafanya kazi.

Kuna kijana wa kwenu anakuja na lori hili, Athanas, mtoto wa Mama Paskazia wa ng'ambo ya mto. Ameharisha tangu juzi na anataka kwao. Wote wako hivyo, wakiugua hawataki kulala ugenini. Mungu ambariki Fazal, mgonjwa hamtozi nauli; humtandikia magunia matupu nyuma na kumfikisha hadi mlangoni. Mwangalie.

Bwana Pikipiki,
Makoye

*

Mwashilu,
3 Mei 1981

Makoye mdogo wangu,

Athanas tulimzika kesho yake. Alifika macho yameingia ndani na ngozi ukiivuta hairudi. Kutwa nzima juani juu ya magunia, bila tone la maji. Nilifanya nilichoweza hadi alfajiri. Mama Paskazia hakulia. Alikaa akiushika mguu wa mwanawe.

Baada ya mazishi nilishindwa kukaa kimya. Nilichukua njia nikaenda mji hadi mji, na kwenye kila kaburi jipya niliuliza swali ambalo wewe hukuuliza: aliugulia wapi? Makoye, zaidi ya nusu yao waliugulia kwako. Walishuka kwenye lori la Fazal, wengine wakabebwa kwa baiskeli kutoka barabarani, wakafia mikononi mwa mama zao kwa sababu mtu hufia kwao. Wewe unawahesabu wakiwa hai, mimi nawahesabu wakiwa wafu. Ndiyo maana wewe tisa, mimi ishirini na wanne.

Nilikaa na jambo hili siku mbili, na sasa nakuandikia nikiwa na hofu. Nikilisema, kituo kinaondoka. Vijana wamekwisha kupanga tofali nyuma ya zahanati, safu juu ya safu, na jana mjamzito mmoja alinishika mkono akaniambia yeye atasubiri ajifungulie kwenye wodi mpya. Atasubirije, sijui, tumbo lake ni la miezi saba!

Nimeamua hivi. Tunyamaze hadi kituo kisimame. Kikishasimama, hakuna atakayekibeba kichwani aondoke nacho, na hapo tutasema kweli yote. Wewe waonaje?

Dada yako,
Mbuke

*

Nyakasanda,
17 Mei 1981

Dada,

Shikamoo. Umenena. Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikaona aibu, mara ya tatu nikakumbuka pikipiki. Tunyamaze. Nani atakayewakataza watu kufia kwao? Mila haiandikiwi barua. Ninyi mnakihitaji kituo, hilo si uongo, nami nitawapigia wachimbaji kelele maradufu, hilo pia si uongo. Kila mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake, nasi tuivute kidogo.

Hotuba nimeiandika. Ina maneno "umoja" na "usafi" kila baada ya mstari. Watapiga makofi, utaona! Fazal ameahidi kunipeleka mjini yeye mwenyewe.

Nimechoka tu kidogo siku hizi, mguu mzito, ni jua. Huenda wiki ijayo nikaja na lori nipumzike kwa mama kabla ya sherehe. Mwambie aniwekee mlenda.

Makoye

*

Duka la Fazal,
Nyakasanda,
28 Mei 1981

Mama Mageni, salaam.

Naandika haraka, unisamehe mwandiko. Makoye ni mgonjwa. Ameanza kabla ya barua yake ya mwisho, na alituapisha tusikwambie. Alisema dada atacheka, bwana afya anaharisha! Sisi tukaona ni mzaha wake tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi sitaki kifo kimuumbue mtu nyumbani mwangu.

Leo hawezi kusimama. Anasema neno moja tu, "Nyumbani." Fazal, kwa huruma yake, amekwisha kutandika godoro nyuma ya lori. Mimi nimechukua ufunguo, nimeutia kifuani, nikamwambia kama una ubavu njoo uuchukue. Tumegombana mbele ya wateja. Yeye anasema, mwanamke, unamnyima mtu kwao? Nami namuuliza, Fazal, hao wote uliowapeleka, wangapi umewakuta wazima safari ya pili? Nimemwona analia nyuma ya magunia ya chumvi. Alidhani anafanya wema, mama, na alikuwa anafanya wema.

Mwaka jana ulipokuja ulinifundisha maji ya sukari na chumvi kwa ajili ya mwanangu. Nimechemsha, nimepima kama ulivyosema, namnywesha kijiko kwa kijiko. Anatapika, namnywesha tena. Sukari niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya sikukuu ya Idi imekwenda yote, na wachimbaji wengine wamelala barazani kwangu wanasubiri kijiko hichohicho.

Nimemkubalia Fazal aondoke kwa sharti moja. Lori linakuja bila mgonjwa. Godoro lile ulikalie wewe. Njoo na dawa zote ulizo nazo, na uje leo.

Anar Fazal

*

Mwashilu,
28 Mei 1981

Mwenyekiti Mabula,

Shikamoo mzee wangu. Ukifika zahanati ukakuta mlango umefungwa, nimekwenda Nyakasanda na lori la Fazal. Mdogo wangu ni mgonjwa sana. Wamama waliokaribia kujifungua waende Tinde, nimekwisha kuwaambia.

Nakuomba jambo gumu. Vijana waache kufyatua tofali. Sitaki kukueleza kwa karatasi ya mlangoni, lakini sitaki pia urudi nyumbani ukidhani ni uvivu. Vifo tulivyohesabiwa sisi vingi si vyetu. Ni vya machimbo. Nimelijua hilo tangu msiba wa Athanas na nimelinyamazia kwa ajili ya wodi. Leo ni mdogo wangu anayetaka kuletwa nyumbani afie hapa, awe kaburi jingine la Mwashilu la kutupatia kituo. Moyo wangu umekataa, mzee. Kufia kwenu ni mila, lakini kuponea ulipo si mwiko.

Nikirudi, nifokee.

Mbuke Masele

*

Nyakasanda,
22 Juni 1981

Dada Mbuke,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Mguu umerudi, sauti imerudi, njaa ndiyo usiseme. Anar anasema nitamfilisi kwa chapati. Tangu uondoke hakuna aliyekufa kwa kuhara hapa barazani. Wachimbaji wanachemsha maji wenyewe, na wakinikosea adabu nawatishia kwa jina lako.

Sasa nikusimulie ya Shinyanga, maana ungekuwepo ungezimia.

Ile hesabu tuliyoifanya wewe na mimi, nimeshikilia fimbo kama babu, tukiuliza kila kambi nani aliondoka mgonjwa na hakurudi, niliikunja nikaitia mfukoni pamoja na hotuba ya "umoja" na "usafi". Ukumbi umejaa. Pikipiki imeegeshwa mbele, nyekundu, inang'aa, dada, sikufichi, miguu ilitaka kwenda yenyewe. Nikaitwa. Makofi. Mwenyekiti wa kamati akanipa kipaza sauti, akaniambia nitoe siri ya mafanikio.

Nikasema, "Siri ya Nyakasanda ni kwamba wagonjwa wetu tunawasafirisha."

Watu wakacheka, wakadhani nasema tunawapeleka hospitali. Nikawaambia hapana, tunawapeleka kwa mama zao wakafe. Kicheko kikakatika. Nikawaeleza yote, kwamba kuhesabu makaburi lilikuwa wazo langu na kwamba kaburi linaonyesha mtu kwao ni wapi, halionyeshi alipatwa na nini wala wapi. Nikasoma namba mpya, za miezi kumi na miwili hadi Mei. Nyakasanda, thelathini na mmoja kwa kila elfu, na tangu sabini na nane tumepanda kila mwaka kadiri maduara yalivyoongezeka. Sisi ndio wa mwisho, dada! Wa mwisho kabisa! Mwashilu, kumi na mmoja, na mmekuwa mkishuka mwaka hadi mwaka. Bwana afya wa tarafa jirani na yenu akaruka kwenye kiti akapiga kelele, "Hata mimi nilishangaa!" Kumbe wengi walishangaa, kila mmoja kimya kimya kwake.

Pikipiki imerudi stoo. Kituo wametamka hapohapo kitajengwa Nyakasanda, na kisima kitachimbwa kabla ya kuta, kuanzia mwezi ujao. Nililia mbele za watu. Wachimbaji wamenibeba juu juu kutoka barabarani hadi dukani wakiimba kwamba sisi ndio wabovu kuliko wote. Hujapata kuona watu wakishangilia aibu yao namna hiyo!

Halafu usiku wa furaha ukaisha, na asubuhi nikakukumbuka wewe na mwavuli wako. Ninyi hamkupata kitu. Nimeuliza kama kuna fungu jingine, wakasema labda mwaka ujao, na "labda" ya ofisini unaijua. Watu wa nyumbani wamesemaje? Usinifiche, maana tumekwisha kuona kuficha kunatufikisha wapi.

Wabeja sana, asante, dada yangu, kwa pumzi hii ninayovuta.

Makoye

*

Mwashilu,
2 Julai 1981

Makoye wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Barua yako nimeisoma nikicheka na kupangusa macho. Thelathini na mmoja! Hongera kwa ubovu.

Umeniomba nisikufiche. Wamekasirika, Makoye. Mzee Mabula alipitisha siku kadhaa bila kuniitikia salamu, naye ndiye aliyenifundisha kwamba salamu hainyimwi hata mchawi. Kisimani wanawake walikuwa wakiniona wananyamaza. Mjamzito yule alijifungua kwenye chumba kilekile, mtoto wa kiume, mzima, na mama yake mzazi akasema kwa sauti ili nisikie, "Wodi yake imepelekwa kwa wachimbaji na nesi wetu wenyewe." Iliniuma. Nilitamani kumjibu kwamba na mimi niliitaka wodi hiyo kuliko yeye, lakini nikamwosha mtoto.

Juzi mwenyekiti akaitisha mkutano ili niwaeleze mbele ya wote. Nilisimama. Niliwaambia namba yetu ya kweli ni kumi na mmoja, kwamba katika mkoa mzima sisi ni miongoni mwa wazima, na kwamba ni wao waliofanya hivyo kwa kuleta watoto kwenye chanjo hata siku za kulima. Nilitegemea angalau mtu mmoja apige makofi. Mzee mmoja akauliza, kwa hiyo tumenyimwa kwa sababu hatufi vya kutosha? Watu wakacheka kicheko kibaya, na kelele zikaanza. Wengine walisema nihamishwe. Wengine walisema tuandike upya, makaburi si yapo, nani atakuja kuyauliza yametoka wapi?

Ndipo akainuka Mama Paskazia. Unajua tangu amzike Athanas hajasema neno mkutanoni. Hakuwatazama wao, alinitazama mimi.

Akaniuliza, "Mwanangu yumo kwenye hiyo kumi na mmoja?"

Nikamwambia, "Hapana, mayu, mama yangu. Amehesabiwa Nyakasanda, alikougulia."

"Kwa hiyo yumo kwenye ile ya huko. Ile iliyoleta daktari na kisima."

"Yumo, mayu. Yeye na wenzake."

Akajifunga kanga yake vizuri, akawageukia watu wote, akasema, "Basi asiwepo mtu wa kumtoa humo."

Akaketi. Mwenyekiti akafunga mkutano.

Dada yako,
Mbuke